Kibendera Hakishuki Mpaka Refa Aone

Msichana aliyeichukua kazi yangu, Mapenzi, alinipigia simu wiki iliyopita akaniuliza kwa nini mistari yake ya uwanja haikai. Anachora asubuhi, kufika adhuhuri imeshapeperuka. Nikamuuliza anachora kwa chokaa kavu au iliyolowekwa. Akasema kavu. Nikamwambia, mwanangu, kusi likivuma hapa kwetu, chokaa kavu huishia kwenye sufuria za majirani. Iloweke jioni, ichuje kwa chandarua kilichochanika, iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Watu wa mahali pengine hutia na chumvi ili ishike. Wewe usitie, maji ya kisima cha chuo yana chumvi ya kutosha.

Akacheka. "Mzee Karisa, haya yote mbona huyaandiki?"

Basi nayaandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, na tangu utoto nina haya. Mbele ya watu maneno hunikauka mdomoni. Kalamu nayo naisukuma polepole, chai inapoa kabla sijafika chini ya ukurasa. Lakini kazi yangu ilikuwa kuchora mistari, na mstari haupendi haraka. Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi za viwanja na stoo, za kufua jezi, za kufungua na kufunga milango ya vyuo na mashule. Watu hawatawaangalia sana. Nyinyi mtaona mengi.

Nilifanya kazi katika chuo kimoja cha pwani hii, si mbali na Malindi. Jina lake siliandiki. Niliingia kijana, nikatoka na mvi. Aliyenifundisha alikuwa Mzee Shee, mtu wa mjini Malindi, Kiswahili chake kimenyooka kama kamba yake ya kuchorea. Hakuwahi kunitukana. Akikasirika aliniita "bwana mkubwa", hapo nikajua nimeharibu.

Alinifundisha kujaza mipira asubuhi, kwa kiasi tu. Ukiijaza ikakazana kabisa, jua la mchana huivimbisha hewa, na mshono unaachia mpira ukiwa bado kwenye wavu. Mimi niliijaza ikakazana kabisa siku ya kwanza. Mmoja ulipasuka wakati mkuu wa chuo anapita, akaruka na kofia ikaanguka. Mzee Shee akaiokota kofia, akaipangusa, akampa. Kisha akanigeukia. "Bwana mkubwa, leo umempigia mkuu mzinga kama siku ya sikukuu."

Alinifundisha kukausha jezi upande wa ndani nje, ili namba zisipauke. Udongo mwekundu wa bara, wa kule Adu na Magarini, hautoki kwa sabuni nyingi. Hutoka kwa kuuacha ukauke, ukaukung'uta, ndipo ukatia maji. Ukiukimbilia na maji ukiwa mbichi, jezi nyeupe inakuwa ya waridi, na vijana watasema wamechezeshwa kwa nguo za harusi.

Lakini aliyonifundisha makubwa ni juu ya kibendera.

Chuo kilipocheza na timu za nje, mara nyingi refa alikuja peke yake, na watu wa kushika vibendera pembeni mwa uwanja walitafutwa hapo hapo. Mimi nilikuwa hapo hapo. Vibendera vilipoibwa nilishona vingine kwa kanga kuukuu ya mke wangu. Sikuangalia nakata wapi. Siku ya mechi nikainua, kitambaa kikafunguka, na katikati yake kumeandikwa WIVU kwa herufi kubwa. Mashabiki walipiga kelele mpaka refa akaja kusoma mwenyewe.

Mechi nyingine ilikuwa kati ya vijana wa Junju na vijana wa Watamu, walioomba uwanja wetu. Mshambuliaji wa Junju aliotea. Alikuwa mbele ya mabeki wote, peke yake na kipa. Nikainua kibendera. Refa alikuwa amenipa mgongo. Mashabiki wa Junju walikuwa nyuma yangu.

"Shusha hicho kitambaa, we mkata nyasi!"

Mama mmoja muuza karanga akasema, "Hata nyanya yangu, na macho yake yale, angeona hakuotea."

Nikashusha. Bao likaingia, refa akalikubali. Nahodha wa Watamu akanijia pole pole, hakupiga kelele.

"Kaka, uliona au hukuona?"

"Niliona."

"Sasa ulishushia nini?"

Jioni tulipokuwa tunang'oa nyavu, Mzee Shee aliniambia maneno ambayo nimeyabeba tangu hapo. "Mshika kibendera hapulizi filimbi. Hatoi kadi. Hamhukumu mtu. Kazi yake ni moja, kuinua alipoona. Refa asipokuangalia, kiache juu. Watu wakikupigia kelele, kiache juu. Hakishuki mpaka refa aone."

Nikamwambia mkono unachoka.

"Mungu amekupa mingapi?" akasema.

Mzee Shee alishatangulia mbele ya haki miaka mingi kabla ya haya nitakayoyaeleza sasa. Nayaeleza ya kweli, ila jina la mtoto nimelibadilisha. Nitamwita Jefwa. Yule mtu mwingine nitamwita Kocha tu.

Kocha aliletwa chuoni kufundisha timu ya wanafunzi wetu. Alikuwa hodari, sitasema uongo. Timu ilianza kushinda. Alikuwa mcheshi, akikupita lazima akuulize watoto hawajambo. Kisha akaanzisha Jumamosi ya watoto. Watoto wa shule za msingi za jirani walikuja kwenye uwanja wetu kufundishwa mpira bure, wanafunzi wa chuo wakimsaidia. Wazazi walifurahi. Hoteli moja iliwapa maji ya kunywa. Mkuu wa chuo alipenda kupigwa picha nao, na mimi nilipenda kuwaona, kwa sababu mtoto wa miaka kumi akipita juu ya mstari ulio mbichi huruka ili asiuharibu. Mkubwa hukanyaga.

Jefwa alikuwa darasa la sita. Mama yake aliuza viazi karai na mabuyu kwenye lango letu. Alikuwa na mbio, na mdomo pia. Aliwahi kuniuliza mbona mimi nachora uwanja kila wiki na uwanja haukui. Kocha alimnunulia viatu vipya vya mpira, yeye peke yake. Wenziwe wakamtania, "Kipenzi cha kocha." Mwanzo alikuwa akiwarudishia. Baadaye akawa hajibu. Baadaye tena viatu vile akawa anavibeba mkononi, anacheza pekupeku. Mazoezi yakiisha alikuwa wa kwanza kukimbia, hata maji hanywi, isipokuwa Kocha akimwita abaki kukusanya vifaa. Akiitwa, alikuwa anakuja taratibu sana.

Niliyaona hayo yote na sikuyaunganisha. Yalikuwa kila moja mahali pake, kama mambo yanayosemwa hapa na pale na usijue ni ya mtu mmoja.

Stoo ya vifaa ina paa la bati na dirisha dogo. Wakati wa kaskazi ndani ni tanuri. Hakuna mtu anayefunga ule mlango akiwa ndani. Sote tulikuwa tunauegemezea jiwe, jiwe lile lile aliloliweka Mzee Shee. Jumamosi moja ya kaskazi, adhuhuri, nilirudi kuchukua kamba niliyoisahau. Jiwe lilikuwa kando. Mlango umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Nikasikia komeo likivutwa. Kocha akafungua, jasho linamtoka, anacheka.

"Ah, Mzee Karisa. Tunahesabu mipira hapa."

Mipira ilikuwa nje, ndani ya wavu, nimeipita kwenye goli. Jefwa alikuwa amesimama kwenye kona, ameshika vizibao vya mazoezi kifuani. Aliniangalia. Sina maneno ya kuandika namna alivyoniangalia. Nikasema, "Jefwa, mama yako anakutafuta langoni." Mama yake hakuwa akimtafuta. Mtoto akapita chini ya mkono wangu akaenda.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Hakuna zaidi.

Jumapili yote nilikuwa nashindana na nafsi yangu. Nilijiambia, labda ni upepo uliofunga mlango. Upepo hautii komeo. Labda namsingizia mtu mwema. Kwetu pwani neno sitara lina uzito. Mtu husitiriwa, aibu hufunikwa, na anayefunua ndiye anayeonekana mbaya. Nilijua nikisema nitaulizwa, "Wewe uliona nini?" nami sikuona kitu cha kuapia. Niliona mlango, na mtoto.

Jumatatu nilikwenda kwa Bi Zuhura, mkuu wa idara ya michezo. Alikuwa sawa na binti yangu kwa umri, mwanamke wa Malindi mjini, mwenye adabu.

"Shikamoo Mzee Karisa."

"Marahaba. Nina neno, na sijui nilianze wapi."

"Lianze popote, baba. Tutalipanga."

Nikamwambia. Akaacha kalamu. "Uliona nini hasa?"

Nikarudia, mlango, komeo, mipira nje, mtoto kwenye kona.

"Hukuona kitu kingine?"

"Sikuona."

"Basi huna hakika."

"Sina. Ningekuwa na hakika nisingekuja kwako, ningekwenda polisi."

Hapo, vijana, ndipo nataka mkae kidogo. Nilivyodhani mimi ni kwamba mtu hupeleka jambo kwa serikali akiwa na hakika, na akiwa na shaka tu hulimaliza ofisini. Nimekuja kujua baadaye kuwa ni kinyume. Shaka yenyewe ndiyo inayopelekwa. Wanaotafuta hakika wana kazi yao na wamesomea.

Bi Zuhura alilipeleka kwa mkuu wa chuo siku ile ile. Mkuu akaniita, akaniagizia chai, akanisogezea sahani ya mahamri mwenyewe.

"Mzee Karisa, umefanya vizuri sana. Mzigo umeutua, sasa uko kwetu. Lakini jambo hili lina sitara yake. Yule ni kijana wa watu, na mtoto ana jina, na chuo kina jina. Tusilitembeze."

"Na mtoto, bwana mkuu?"

"Tutalishughulikia."

Wiki haikuisha, Kocha alinyang'anywa ufunguo wa stoo, nikapewa mimi peke yangu. Tukaambiwa mtoto yeyote asiingie stoo. Kisha Jumamosi ya watoto ikasimama kabisa. Kocha akawa ananipita bila kuniuliza kama watoto hawajambo. Mimi nikaona limekwisha. Nililala vizuri. Nilikuwa nimeinua, refa ameona, nimeshusha.

Shule zilipofunga mwezi wa nne, Kocha alikuja na pikapu ya chuo, akarudi nyuma mpaka mlangoni kwa stoo.

"Mzee, nitolee mipira na vizibao vya watoto. Koni pia."

"Watoto si wameachishwa?"

"Hapa ndiyo wameachishwa. Mkuu hataki kelele hapa. Nawapeleka Adu, kambi ya likizo. Kuna shule imetupa madarasa, tutalala huko huko wiki nzima. Kesho alasiri tunaondoka."

"Na nani mwingine mkubwa?"

"Mimi natosha, mzee. Hawa si simba."

"Jefwa yumo?"

Akaniangalia moja kwa moja. "Jefwa ndiye nahodha. Atakosaje?"

Nikamwambia mipira haina upepo, aje kesho. Ilikuwa na upepo. Nilipomwona ameondoka nikakaa juu ya jiwe la Mzee Shee. Ndipo nikaelewa. Chuo hakikuwaondoa watoto mikononi mwa Kocha. Kiliwaondoa mbele ya macho yetu. Hapa angalau kulikuwa na mimi na kamba yangu niliyoisahau. Adu kungekuwa na nani?

Bi Zuhura nilimkuta anafunga ofisi. Alikuwa anajua.

"Mkuu aliona afadhali mazoezi yasiwe kwenye eneo la chuo," akasema. "Likitokea jambo, lisiwe letu."

"Wewe ulisemaje?"

"Nilimwambia mkuu uliyoniambia, Mzee Karisa. Mkuu anasema aliwaambia watu wa bodi. Watu wa bodi wanasema wanangoja mkuu." Akajifunga mtandio vizuri, akaufungua, akaufunga tena. "Kila mtu amesema, Mzee. Hakuna ambaye hakusema."

Niliona uwanja mzima umejaa washika vibendera, kila mmoja ameinua kidogo, akamwangalia mwenzake, akashusha.

"Twende ofisi ya watoto," nikamwambia. "Asubuhi. Kabla hawajaondoka."

"Mzee, mimi nina mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mkuu akinuna tu, sina kazi."

"Mimi nakaa nyumba ya chuo. Akinuna, nalala na mke wangu barabarani."

Akatia kufuli, akaondoka. Sikumlaumu.

Asubuhi niliendesha baiskeli mpaka mjini. Njia nzima nilikuwa nasema maneno yangu kwa sauti. Mtu mmoja anayechunga mbuzi alinijibu, alidhani namsalimu. Kwenye ofisi ya afisa wa watoto kulikuwa na benchi ndefu na akina mama wengi. Kijana wa mapokezi akauliza, "Mzee, shida yako ni nini?" na maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yakanikauka. Watu wananiangalia. Nikasema, "Nangoja mtu." Nikakaa. Nilikuwa simngoji mtu. Nilikuwa nangoja ulimi wangu.

Jua lilikuwa limepanda Bi Zuhura alipoingia. Amevaa buibui lake jeusi, macho hayakulala. Akakaa kando yangu, akashusha pumzi.

"Umeshasema?"

"Bado. Haya imenishika."

"Tutaingia pamoja. Lakini uanze wewe. Wewe uliona. Mimi nitasema niliambiwa nini, na nilimwambia nani, na likafanywa nini."

Afisa alikuwa mama wa bara, Kiswahili chake kifupi kifupi, lakini alijua kusikiliza. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza nilisema, kama kuomba radhi, "Mama, mimi sikuona kitendo. Naweza kuwa nimekosea."

"Kuthibitisha si kazi yako, mzee. Ni yetu. Ulimuuliza mtoto chochote?"

"Hapana. Niliona haya."

"Afadhali. Kuna namna ya kumuuliza mtoto, na kuna namna ya kumfanya anyamaze milele." Akainua simu huku akituangalia. "Hiyo gari inaondoka saa ngapi?"

Haikuondoka. Walikuja afisa, polisi wa kike asiyevaa sare, na mmoja wa kiume. Walimkuta Kocha langoni akipanga watoto kwa urefu. Watoto walidhani wale wageni wanakwenda nao Adu, wakawasogelea na mifuko yao. Jefwa alikuwa amekaa kando ya karai ya mama yake, begi mgongoni, hajajipanga.

Yaliyopatikana baadaye siyaandiki. Jefwa hakuwa peke yake. Kesi ilikwenda ikarudi, ikaahirishwa mpaka sote tukaizoea, na mwisho Kocha alifungwa. Mkuu wa chuo alihamishwa, akaagwa kwa sherehe. Bi Zuhura hakuongezewa mkataba. Sasa anafundisha mahali pengine, na sikukuu hunipigia simu. Mimi sikufukuzwa. Nadhani walinisahau, na hiyo ndiyo faida ya kazi yetu.

Msidhani nilipigiwa makofi. Wachezaji wa zamani wa Kocha waliacha kunisalimia. Wengine waliniita Mzee Kibendera. Nikiingia kwenye mkahawa mtu anasema, "Kaeni sawa, Kibendera yuko," na wote wanakaa wima kama shuleni. Nilicheka nao. Mwisho wakachoka.

Aliyeniumiza ni mama yake Jefwa. Alinijia pale langoni, mkono umejaa unga wa viazi.

"Mzee Karisa, nimekuuzia viazi miaka. Mbona hukuja kwangu? Umekwenda kwa watu wa serikali, umemwanika mwanangu juani kila mtu amwone."

Alikuja na kaka yake. Kaka yake akasema, "Tungekaa kikao nyumbani. Wazee wangeitwa, yule mtu angetozwa mbuzi, tukayamaliza."

"Na mbuzi akishaliwa?" nikamuuliza. "Yule mtu angekwenda wapi?"

Mama Jefwa akajipangusa unga mkononi. Lakini nataka kuwaambia ukweli, swali lake lilinifikia. Sikwenda kwake kwa sababu niliogopa kikao. Niliogopa mbuzi. Huenda nilimkosea yeye kama mzazi, sijui. Afisa wa watoto ndiye aliyekaa naye, siku nyingi, mpaka akakubali kunisalimia tena. Viazi hakuniuzia mwaka mzima. Mke wangu alikuwa ananinunulia kwa siri.

Vijana wangu, sheria ya nchi yetu inamtaka mtu yeyote, hata mkata nyasi, akishuku mtoto anaumizwa, apeleke neno kwa wanaohusika. Kwa afisa wa watoto, kwa polisi, hata kwa chifu. Kumwambia mkubwa wako wa kazi ni adabu, mwambieni. Lakini adabu hiyo si mwisho wa kazi. Mkubwa wako ana mengine ya kulinda, na hayo mengine yana sauti kubwa kuliko ya mtoto. Ukishamwambia, angalia. Usiangalie kama amekupa chai. Angalia mtoto yuko wapi, na yuko na nani. Ukiona bado yuko pale pale, au amepelekwa mbali tu na macho yako, basi refa hajaona. Kiinue kwa mkono mwingine.

Na mlango wa stoo uachwe wazi. Jiwe lipo, Mapenzi, usilitupe, hata wakikujengea stoo ya kisasa.

Nimebakiwa na jambo moja, kisha nitaweka kalamu, mke wangu anasema nitamaliza mafuta ya taa na umeme upo.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, asubuhi moja nilikuwa peke yangu nachora uwanja. Kamba ndefu peke yako ni taabu. Unafunga huku, unatembea kule, unavuta, huku inafunguka. Kijana mrefu akaja kutoka langoni, akaishika ncha ya pili bila kuambiwa. Nilimtambua kwa mwendo. Alikuwa sekondari, sauti imeshavunjika. Mpira hachezi tena. Anakimbia mbio ndefu, na kocha wake ni mwanamke.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Jefwa. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anasema uje uchukue viazi, anajua wewe ndiye unayevila."

Tukacheka. Tulichora upande mzima. Tulipofika kwenye kona akasema, bila kuniangalia, "Siku ile stoo. Nilikuona."

"Nilijua umeniona."

"Hapana. Niliona kwamba umeona." Akaizungusha kamba kidoleni. "Nikangoja."

Kuanzia kaskazi mpaka mwezi wa nne. Wakati mimi nakunywa chai ya mkuu, na ninalala vizuri, kulikuwa na mtoto aliyekuwa ananiangalia kila siku langoni, aone nitafanya nini.

Haya ikanishika tena, kama pale kwenye benchi. Nilitaka kumwambia mengi. Nikamwambia kamba imelegea upande wake.

Akaivuta. Ikanyooka. Tukaendelea na mstari.